Kauli na Kibali

Swali ninalokusudia kulitafakari katika makala haya ni la kale kuliko chombo kilicholizusha upya. Je, mtu anayetaka kusema na watu wengi apaswa kupata ruhusa, na ruhusa hiyo yaweza kuuzwa? Zamani swali hili liliwahusu wenye mitambo ya kuchapa na wenye vituo vya redio. Leo linamhusu kila kijana mwenye simu ya mkononi.

Hapa Tanzania lilitujia wazi mwezi Machi 2018, zilipotangazwa Kanuni za Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta zihusuzo maudhui mtandaoni, chini ya Sheria ya mwaka 2010. Mwenye blogu, mwenye redio au televisheni ya mtandaoni, alitakiwa kuomba leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ya leseni ya kwanza shilingi 1,000,000, na ya kila mwaka shilingi 1,000,000 nyingine. Jumla ni shilingi 2,100,000 kabla mtu hajapata msikilizaji wa kwanza. Wakati huo kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilikuwa kama shilingi 300,000 kwa mwezi; kwa hiyo tarishi wa ofisini angalifanya kazi miezi saba bila kula ndipo apate idhini ya kunena. Aliyekaidi aliahidiwa faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mwezi Mei mwaka huo baadhi ya waandishi na mashirika ya haki walikwenda Mahakama Kuu, Mtwara, na Kanuni zikasimamishwa kwa muda. Lakini zuio hilo halikudumu.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na sioni haya kuitetea leseni mahali pake. Dereva huandikiwa leseni kwa sababu gari huua. Tabibu husajiliwa kwa sababu mgonjwa hana njia ya kumpima tabibu wake. Mwenye bucha hukaguliwa kwa sababu nyama iliyooza haijitangazi. Katika yote hayo leseni ni ushahidi: serikali inamwambia raia, huyu tumemtazama, mwendee bila hofu. Sasa na tuulize, shilingi milioni moja hushuhudia nini? Hazishuhudii kwamba mlipaji ni mkweli, wala kwamba ana adabu, wala kwamba anakijua Kiswahili. Zinashuhudia kwamba anazo. Fomu ya maombi iliuliza pia habari za wenye hisa, mtaji, sifa za watumishi na mipango ya siku zijazo. Maswali hayo yanamfaa mwenye kampuni. Sijui bibi kizee wa Iramba, ambaye mjukuu wake anamrekodi akisimulia ngano za sungura na fisi, angeandika nini penye nafasi ya wenye hisa.

Wako wasemao kwamba uhuru wa kusema ni jambo la kigeni, na kwamba mababu zetu walijua kufunga midomo. Hoja hii ina nusu ya ukweli, nayo yastahili kuchunguzwa kwa makini, maana hutajwa kila linapotajwa neno utamaduni. Ni kweli kwamba katika jamii zetu si kila neno lilikuwa la kila mtu. Mafunzo ya jando na unyago yalikuwa na wenyewe. Mbele ya wazee kijana alingoja zamu yake. Lakini tazama ngoma za mashindano za Usukumani, wanakopambana Bagika na Bagalu. Manju husimama mbele ya umati akambeza mpinzani wake, akaitaja hata kasoro ya mkubwa wa nchi, na hakuna aliyemtoza kitu mlangoni. Tazama vilevile malenga wa pwani: aliyeudhiwa na shairi alitunga la kumjibu, na watu wakahukumu. Aliyevuka mpaka akamkashifu mtu aliitwa barazani, akatozwa faini au akaomba radhi. Kizuizi kilikuwapo, bali kilikuja baada ya kauli, kwa aliyekosa, na kwa kadiri ya kosa lake. Hakikuwekwa mbele ya kauli ili kuwachuja wasio na ng'ombe wa kutosha.

Hata serikali ya mkoloni, ambayo haikuwa rafiki wa maneno yetu, ilianzisha gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, na humo makarani, walimu na mafundi wakapeleka mashairi yao. Mhariri alichagua, naam, na yasiyompendeza mkubwa hayakupita. Lakini mtunzi hakuulizwa mtaji. Alihitaji kalamu, karatasi na stampu ya posta. Sehemu kubwa ya ushairi wa Kiswahili wa karne ya ishirini ulikulia katika kurasa za magazeti kwa urahisi huo. Mtu na ajiulize ungekuwa wapi leo kama kila mtunzi angedaiwa kwanza mshahara wa miezi saba.

Waingereza nao walipita njia hii. Sheria yao ya mwaka 1662 ya kuchapa kwa kibali ilikoma mwaka 1695. Mwaka 1712 ikaja kodi ya stampu juu ya magazeti, na kufikia mwaka 1815 ilikuwa peni nne kwa kila nakala, bei isiyofikiwa na kibarua. Wako waliochapa magazeti ya bei nafuu bila stampu, na Henry Hetherington alifungwa kwa ajili hiyo. Kodi ilipunguzwa mwaka 1836, ikafutwa mwaka 1855. Majirani zetu wa Uganda walijaribu namna nyingine mwaka 2018, kwa kutoza shilingi 200 zao kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021.

Sitaki msomaji, hasa mwanafunzi, adhani kwamba upande wa pili hauna neno. Picha ya binti ikisambazwa na mtu mwenye chuki, hairudi. Uzushi juu ya dawa huweza kuua watu kama maji machafu yauavyo. Serikali inayokaa kimya mbele ya mambo hayo imeacha kazi yake. Lakini kwa makosa kama hayo ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, pamoja na sheria za kashfa zilizotangulia. Mtu aweza kubishana na vifungu vyake, na wengi wamebishana. Hata hivyo ni sheria inayomtafuta aliyetenda. Kama haja ni kumjua msemaji, na aandikishwe jina bure, kama tunavyoandikisha vizazi na vifo. Kama haja ni mapato ya serikali, kodi na imfuate aliyekwisha kuchuma. Ada hii hufanya kinyume: humwendea mtu kabla hajapanda, ikamwomba mavuno. Tukichanganya kuandikisha, kutoza na kuadhibu katika karatasi moja, tutajikuta tumemwadhibu maskini kwa umaskini wake.

Haki hutaka nikiri kwamba mambo hayakubaki yalivyokuwa. Kanuni za mwaka 2020 zilitenga aina za maudhui: habari na matukio, burudani, elimu au dini. Mwaka 2022 ada ya leseni ya maudhui ya habari ikapunguzwa kutoka shilingi 1,000,000 hadi 500,000. Ni nafuu, wala siibezi.

Lakini mgawanyo huo umefungua swali ambalo kwangu mimi, kama mtunzi, ni gumu kuliko la fedha. Habari ni nini? Wataalamu wa sheria hupenda visanduku, lugha haivijui. Mtunzi wa mashairi tangu hapo ndiye aliyepeleka habari: nani kaoa, jahazi gani limezama, bei ya karafuu imeanguka kiasi gani. Utenzi ukitungwa juu ya ukame wa mwaka huu ni burudani, au ni matukio? Mwalimu wa uraia akijirekodi akieleza Ibara ya 18 ya Katiba, itoayo uhuru wa maoni, anatoa elimu. Akitaja mfano uliotokea wiki iliyopita wilayani kwake, je, ameingia katika habari? Na yule bibi wa Iramba, akikatiza ngano ya fisi ili awaambie wajukuu wasivuke korongo kwa kuwa daraja limechukuliwa na maji jana usiku, karani atakayelisikiliza faili hilo mezani pake atapaswa kuamua kama sentensi ile moja ina thamani ya shilingi 500,000.