Kuku Aliyelegeza Mbawa

Somo: Mithali 12:10, Kutoka 21:35-36



Labda msomaji atashangaa akiona ya kuwa neno la mwezi huu ni habari ya kuku mgonjwa. Asishangae. Mwokozi wetu alipotaka kuonyesha jinsi alivyowapenda watu wa Yerusalemu, hakujilinganisha na tai wala na simba, bali na kuku mwenye vifaranga. Naye Sulemani atufundisha ya kuwa mtu wa haki hutambulika hata bandani kwake, kwa namna awaangaliavyo wanyama wake.

Kuku ana desturi ya kuficha ugonjwa. Maana ndege aonyeshaye udhaifu hudonolewa na wenzake, tena ni mawindo mepesi. Kwa hiyo hujikaza na kusimama pamoja na kundi. Hata siku mwenyewe amwonapo ameanguka, ugonjwa umekwisha kuwa mkubwa. Basi mwenye kuku na awatazame asubuhi, mlango wa banda ufunguliwapo. Ni yupi aliyechelewa kutoka? Ni yupi aliyejitenga, manyoya yamesimama, macho yamefumba nusu, mbawa zimelegea mpaka chini? Kilemba chake kimepauka, au kimekuwa cheusi? Anahema kinywa wazi? Dalili hizi pekee hazitwambii ni ugonjwa gani, kwani hata minyoo, utitiri na yai lililokwama humfanya kuku azubae. Walakini zote zasema neno moja: usingoje kesho.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni kideri, uitwao pia mdondo. Wataalamu waliutambua mwaka 1926, ulipotokea Java na karibu na mji wa Newcastle katika Uingereza, nao huitwa pia kwa jina la mji ule. Tangu kuku aambukizwe hata dalili zionekane hupita siku 2 hadi 15, mara nyingi 5 au 6. Kisha huhema kwa shida, huharisha kijani, miguu na mbawa hupooza, na shingo hupinda. Kundi lisilochanjwa laweza kufa karibu lote. Dawa ya kuuponya haiko.

Nami nina neno la kuungama. Miaka mingi iliyopita tulikuwa na kuku 14 nyumbani. Asubuhi moja nilimwona tembe mmoja amesimama peke yake chini ya ghala, mbawa zake zikigusa mavumbi. Nilimwona, nikapita, maana nilikuwa na haraka. Siku ya pili walikuwa watatu, na mmoja amekufa. Ndipo mtu akatushauri: "Wauzeni waliobaki kabla hawajafa." Shauri lile lilitupendeza. Tukatia sita katika tenga, tukawapeleka sokoni, na mjane mmoja wa kijiji cha pili akanunua wawili, ili awaongeze katika kuku wake, ambao mayai yao yaliwanunulia watoto madaftari.

Majuma mawili baadaye banda lake lilikuwa tupu. Akaja kwetu, wala hakuja kushitaki. Aliuliza tu kama kuku wetu nasi walikuwa wakiumwa, ili ajue chanzo cha msiba wake. Nikamjibu kwamba hawakuwa na neno. Usiku ule sikupata usingizi, na neno lile la Kutoka likanijia. Maana sheria yatenga watu wawili: yeye ambaye ng'ombe wake ameua ng'ombe wa mwenziwe kwa ghafula, na yeye aliyejua tangu zamani ya kuwa ng'ombe wake ni mkali, asimzuie. Wa kwanza hushirikiana hasara na mwenziwe; wa pili hulipa yote. Mimi nilikuwa yule wa pili. Nilijua. Asubuhi nikaenda kwake, nikamwambia kweli, na baadaye tukamlipa mitetea. Alinisamehe, lakini msamaha wake haukufufua kuku hata mmoja, wala haukurudisha muhula ule kwa watoto wake.

Basi, ndugu, tufanye yatupasayo. Amwonaye kuku mgonjwa na amtenge siku ile ile, mahali penye kivuli, ampe maji safi, na kumwita bwana mifugo. Awahudumie wazima kwanza na mgonjwa mwisho, kisha anawe mikono, kwa kuwa ugonjwa huchukuliwa na mikono, viatu na tenga. Kuku aliyekosa tumaini asiachwe ateseke siku nyingi. Auawe upesi kwa huruma, azikwe katika shimo refu au achomwe. Asitupwe kichakani, asipewe mbwa, asiuzwe, wala asipelekwe kwa jamaa kuwa zawadi. Kuku mgeni na akae peke yake majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Tena tusingoje msiba. Iko chanjo iitwayo I-2, istahimiliyo joto kuliko nyingine nyingi. Hutiwa tone 1 katika jicho la kuku aliye mzima, nayo hurudiwa kila miezi 3 au 4. Haimponyi mgonjwa, humkinga mzima. Na kwa kuwa chupa moja yatosha kuku wengi, inafaa majirani waafikiane siku moja, wenye nacho wakimchukulia mjane asiye nacho.

Mwisho, tukumbuke ya kuwa hata watu huficha maradhi yao. Yuko ndugu aliyezoea kukaa katikati yetu, naye sasa hukaa karibu na mlango. Yuko dada asiyeimba tena. Ukiulizwa utasema, "Nilimwona." Lakini kuona si kazi yote. Yakobo atufundisha ya kuwa mtu ajuaye jema asilitende, kwake huwa dhambi. Bwana wetu hakupita kando ya wale walioumia, bali alisimama. Kesho asubuhi, ufunguapo banda, simama kidogo utazame. Kisha upitapo mlangoni kwa jirani yako, simama tena.

Bwana atupe macho ya kuona na moyo usiokawia. Amina.