Fimbo Ile Ilimstahili Nani?

Wenyeji na wageni wakigombana katika nyumba moja, kosa ni la nani? Swali hili tulifundishwa na bata bukini wa uani kwetu, tena si bila aibu.

Tulikuwa na wanne, dume mmoja na majike watatu, waliokua pamoja tangu vifaranga. Jirani yetu alipohama alituachia wawili wengine, dume na jike, wote wakubwa. Tukafikiri: bata ni bata, chakula kipo, ua ni mmoja. Jioni ileile tukawatia wote katika banda moja, tukafunga mlango, tukaenda kulala. Kumbe usiku tukasikia kelele. Tulipofungua, taa mkononi, dume wetu alikuwa amemshika mgeni shingo kwa mdomo, akimpiga kwa mabawa. Jike mgeni alikuwa amejibana pembeni, anatoka damu. Tukaokota fimbo, tukampiga dume wetu.

Kulipokucha tulijiuliza: fimbo ile ilimstahili nani? Bata hana akili ya kupima haki na dhuluma. Alilinda wenzake na mahali pake, kama maumbile yake yanavyomwagiza. Mwenye akili usiku ule alikuwa mmoja tu, ndiye sisi. Tuliwafunga mahali pasipo na njia ya kukimbilia, kisha tukamwadhibu asiye na kosa.

Pengine utauliza: mbona vifaranga huzoea upesi, na wakubwa hukataa? Mtaalamu mmoja wa Austria, Konrad Lorenz, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliwachunguza sana ndege hawa. Aliona kwamba kifaranga, katika saa za kwanza baada ya kuanguliwa, humshika kuwa mama yake yule amwonaye akitembea mbele yake. Vifaranga walioanguliwa wakamwona Lorenz kwanza walimfuata yeye, hata majini. Lakini mlango huo hufungwa mapema. Bata mkubwa ana mwenzake tayari, ana kundi lake analolijua. Haji mtupu kama kifaranga. Huja na mambo yake.

Basi tulianza upya. Kwanza tuliwatenga wageni wiki tatu, majeraha yapone, na ugonjwa uliofichika, kama upo, uonekane. Kisha tukatia wavu wa waya kati yao, wapate kuonana bila kuumizana. Siku za kwanza walinyoosha shingo wakafoka kama nyoka. Baadaye wakawa wanakula majani karibu na wavu, kila kundi upande wake. Ndipo tukawatoa wote pamoja mchana, mahali palipo wazi, pasipo pa wenyeji wala pa wageni. Tukaweka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, mbalimbali, ili mwenye nguvu asivilinde vyote. Tena tulingoja majira ya kutaga yapite, maana wakati huo madume huwa wakali kupita siku zote. Wakisukumana kidogo tuliwaacha, kwani ndivyo wanavyopanga nani atangulie. Ikitoka damu, au mmoja akizuiwa kula, tuliwatenganisha.

Madume wale wawili hata leo si marafiki. Hulala banda moja, mmoja huku, mmoja kule. Lakini mbwa asiyejulikana akiingia uani, wote sita hupiga kelele pamoja.

Tunayasimulia haya kwa sababu moja. Mwaka uliotangulia tulimpokea nyumbani mtoto wa marehemu kaka yetu, mwenye miaka 14. Siku ya kwanza tuliwaambia watoto wetu: «Huyu ni ndugu yenu, mpendeni.» Tukamlaza kitanda kimoja na mkubwa wetu, tukaenda kazini. Walipopigana, tulimchapa mkubwa wetu. Ilikuwa fimbo ileile.

Baada ya mambo ya bata tulimwita tukamwomba radhi. Akatushangaa, maana hakuzoea kusikia neno hilo kwa baba. Yule mwingine tukampa kitanda chake, na sanduku lenye kufuli, aweke humo shati la baba yake. Hatukuwaambia tena wapendane. Tuliwaambia: msiumizane, wala mtu asimnyime mwenziwe chakula.

Kweli, mtu si bata. Mtoto wetu ana akili, naye ana wajibu wake kwa mgeni. Kumpiga ndugu yake halikuwa jambo jema. Lakini kosa la kwanza ni la yule aliyewakutanisha bila kuwaandalia nafasi. Amani yaweza kuamriwa, na mwenye nyumba sharti aiamuru. Urafiki hauamriwi, huandaliwa mahali, kisha hungojewa.

Wazee wetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni neno la hekima. Ila kabla ya kumpa jembe, mwonyeshe kwanza shamba lake liko wapi. Nawe baba, nawe mama, unayempokea mtu mzima nyumbani mwako, ukisikia ugomvi usiku usiikimbilie fimbo. Jiulize kwanza: nani alifunga mlango?