Mtoto si Shamba la Kuvunwa

Mlima Hanang waonekana kutoka nyanda za Singida, na barabara iendayo Babati yapita Katesh, chini yake. Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo iliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishukia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walikufa. Kwa watu wa Singida msiba huo haukuwa wa mbali, maana mpaka wa mkoa haukati udugu.

Wafu huzikwa, na waliokuja kusaidia hurudi kwao. Lakini mtoto aliyetolewa kwenye tope akiwa na umri wa miaka sita ana maisha marefu mbele yake. Je, atalala usingizi mvua ikinyesha usiku? Atasoma vema? Atakapokuwa baba au mama, hofu ile itakuwa imemwacha? Mambo haya hayajulikani kwa kukisia. Yataka wataalamu wafuatane na watoto hao mwaka hata mwaka, wakiwapima na kuwasikiliza. Basi hatuna shaka kwamba utafiti wa namna hiyo ni jambo jema. Swali letu ni jingine: nani ampe mtafiti ruhusa, na nani amdai hesabu?

Ulimwengu umekwisha kupata fundisho. Bomu la atomu lilipoangushwa Hiroshima na jingine Nagasaki, Agosti 1945, Wamarekani waliunda tume ya kuwachunguza walionusurika, na watoto wakiwamo. Tume ilianza kazi huko mwaka 1947. Iliwapima watu, ikaandika, lakini kuwatibu haikuwa kazi yake. Watu walinung'unika kwamba wamefanywa vitu vya kutazamwa, na uchungu huo ulidumu miaka mingi. Mwaka 1975 tu ndipo kazi hiyo ilipokabidhiwa taasisi ya Japani na Marekani kwa pamoja. Hata hivyo elimu iliyopatikana ni kubwa: ilijulikana kwamba kansa ya damu huongezeka miaka michache baada ya mionzi, na kansa nyingine hutokea baada ya miaka mingi. Kwa elimu hiyo mataifa yameweka mipaka ya mionzi, hata katika vyumba vya eksirei. Mgonjwa apigwaye picha ya kifua mjini Singida leo ana deni kwa mtoto wa Hiroshima. Ni deni la haki, lakini mtoto yule alistahili kuheshimiwa alipokuwa akilitoa.

Wako wasemao, "Waacheni watoto wapumzike, msichokore kidonda." Neno hilo latoka katika huruma, lakini kidonda kilichofunikwa bila kusafishwa huoza ndani. Wako na wengine wasemao kwamba elimu ni kazi ya wenye elimu, na mwanakijiji hana la kuongeza. Hao nao twawakatalia. Mama ndiye ajuaye ni usiku gani mtoto alianza kupiga kelele. Mwalimu ndiye aonaye nani hukimbia darasa wingu likitanda. Mtafiti asiyeuliza kwanza "Ninyi mwaogopa nini?" atapima sana, na jambo lenyewe litampita.

Wala hatusemi jambo lisilowezekana. Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ambayo hutibu na wagonjwa wengi wa Singida, ilishiriki tangu 2009 katika utafiti wa nchi nane juu ya kuhara, lishe na kukua kwa watoto. Watoto walifuatwa tangu kuzaliwa, na wahudumu walipita nyumbani mara mbili kwa juma. Kazi hiyo haifanyiki pasipo wazazi kufungua mlango, na mlango haufunguliwi siku zote kwa mgeni asiyeaminika.

Lakini twaongeza onyo. Ruhusa ya mkutano wa kijiji, hata ya mzazi, haimmezi mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 yamhesabu mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18. Aliyekuwa na miaka sita siku ya maporomoko atafikia umri huo mwaka 2035. Siku hiyo, twasema, aulizwe upya, naye aweze kukataa bila kulaumiwa na wazee wake wala kunyimwa dawa. Na kabla ya hapo, akilia asiguswe.

Serikali imekwisha kuweka mlinzi: Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 1979, na utafiti wa afya ya watu hautakiwi kuanza bila kibali cha kimaadili. Lakini kibali ni karatasi. Heshima hutendwa kijijini. Yampasa mtafiti kusema mapema atakaa muda gani, mtoto akionekana mgonjwa atapelekwa wapi, na majibu yatarudi lini, kwa lugha inayoeleweka barazani. Nasi wazazi yatupasa kuuliza maswali hayo bila haya, na tukishakubali, kusema kweli. Anayekuja kusikia maumivu ya mtoto wetu amepewa amana, na mwenye amana hurudi kutoa hesabu.