Tab Iliyofuta Mistari

Fundi mmoja wa seva ninayemfahamu alichoka kubana Ctrl, Shift na Backspace kwa pamoja kila alipotaka kufuta mstari mzima ndani ya kihariri cha maandishi cha Emacs. Kazi hiyo akaihamishia kwenye Ctrl-I. Yeyote kati yetu angeweza kufanya hivyo, mimi nikiwemo.

Dalili ya kwanza ilijitokeza papo hapo. Alibonyeza Tab ili kupanga mstari, mstari ukafutika. Badala ya kujiuliza kulikoni, akairudishia Tab kazi yake kwa jina la kitufe ambalo Emacs hulipata kwenye dirisha la picha tu. Mambo yakatulia. Kisha akabonyeza Ctrl-h k kuuliza habari za Ctrl-I, na Emacs ikamjibu kwa jina TAB. Alilisoma, akalipita.

Laiti angesimama hapo! Katika ASCII, iliyoanza miaka ya 1960, Ctrl huondoa 64 kwenye namba ya herufi kubwa. I ni 73, kwa hiyo Ctrl-I ni 9, na 9 ndiyo Tab yenyewe. Ctrl-M nayo ni 13, yaani Enter. Dirisha la picha hupokea jina la kitufe kilichobonyezwa. Terminali kwa kawaida hupokea namba tu.

Usiku mmoja aliingia kwa SSH, kupitia terminali, kwenye seva ambako alikuwa amenakili mipangilio yake yote. Akafungua faili la usanidi, akabonyeza Tab. Mstari ukatoweka, wa chini yake ukapanda. Mtandao ulikuwa mzito, akadhani skrini imechelewa tu, akabonyeza tena na tena. Akahifadhi. Huduma ilipowashwa upya, ikagoma. Kilichomwokoa ni nakala ya awali ambayo Emacs huiacha pembeni, yenye alama ya ~ mwishoni mwa jina.

Ndugu msomaji, kitufe kikifanya jambo usilokiagiza, usikizibe mdomo, tafuta chanzo. Ukitaka njia yako ya mkato, tumia Ctrl-c ikifuatiwa na herufi. Nafasi hiyo Emacs imemwachia mtumiaji, nayo hufanya kazi kwenye dirisha na kwenye terminali. Na kabla hujaubeba mpangilio mpya kwenda kwenye seva, fungua emacs -nw kwenye mashine yako, bonyeza Ctrl-h k, kisha kitufe chako. Jina likitoka jingine, kiache.