Malipo ya Mwenye Kuuguza



Ndugu zangu, katika nyumba zetu nyingi huku Ghuba yumo mzee aliyepitishwa mrija mwembamba mkononi au kinenani mpaka moyoni, akawekewa kijibomba cha wavu wa chuma kuuweka wazi mshipa ulioziba. Wengine wamepasuliwa kifua. Maneno yangu leo ni ya yule aliyekaa nje ya mlango.

Mama wa watoto wangu alipoingizwa ndani, mimi niliyekata mashauri ya watu miaka mingi sikuweza hata kushika hesabu ya rakaa. Niliona haya: wenzangu wako msikitini, nami niko juu ya benchi, sina nifanyalo. Ndipo nilipoukumbuka mwaka wa 2 wa Hijra. Mtume (S.A.W.) alipotoka kwenda Badri, binti yake, Bibi Ruqayya, alikuwa mgonjwa. Akamwamrisha mumewe abaki Madina amuuguze. Badri, ndugu zangu, ambayo walioikosa waliijutia! Naye aliyebaki akapewa fungu la ngawira kama waliopigana, na akaahidiwa thawabu zao. Wala Bibi Ruqayya hakupona. Alifariki kabla jeshi halijarejea. Basi malipo yake hayakufungwa na kupona kwa mgonjwa.

Lakini kuuguza si kujiangamiza. Mara nyingi binti mmoja hubebeshwa yote, na kaka zake huja na matunda, wakauliza hali, wakaondoka. Hiyo ni dhulma, hata akinyamaza. Gawanyeni zamu, aliyetoka zamu ale, alale. Na akitaka kulia, alie. Nabii Yaaqub alilia mpaka macho yakapofuka, wala hakutoka katika subira.

Kisha viko vile vidonge vya kuzuia damu isigande ndani ya kijibomba. Visiachwe kwa kuwa mgonjwa amejiona mzima, wala kwa kuwa Ramadhani imeingia. Kuviacha bila ya idhini ya daktari kumeua watu. Mwendeeni daktari kabla mwezi haujaandama. Huenda akavipanga baina ya futari na daku. Akisema funga itamdhuru, rukhsa ni ya Mwenyezi Mungu, si ya daktari.

Mama wa watoto wangu aliona haya kula mchana mbele ya wajukuu. Basi nikikaa naye mezani, nami nimefunga, mpaka amalize.