Mali ya wengi, dhamiri ya mmoja

Amri ya saba ya Mungu ni fupi: Usiibe. Kila mtoto wa katekismu anaijua. Lakini mtu akichukua mali ya wenzake kwa njia ambayo sheria ya serikali haikuikataza, je, ameiba? Hapo wengi wanasita. Tutazame mambo yaliyotokea katika nchi ya Wacheki.

Tangu mwaka 1948 nchi ile, iliyoitwa wakati huo Chekoslovakia, ilitawaliwa na Wakomunisti. Viwanda na maduka, karibu vyote vilikuwa mikononi mwa serikali. Wakuu walisema: ni mali ya wote. Lakini kitu cha wote kisicho na mlinzi huwa kitu cha mwenye mkono mwepesi. Hata watu wenyewe walikuwa na msemo: asiyeiibia serikali anaiibia jamaa yake. Desturi hiyo mbaya ilikaa mioyoni muda wa miaka 40.

Mwisho wa mwaka 1989 utawala ule ulianguka bila vita. Wakuu wapya walitaka kuwapa raia mali hiyo upesi. Mwaka 1992 kila mtu mzima aliweza kununua kitabu cha kuponi kwa korona 1,035, na kwa kuponi hizo akapata hisa, ndiyo fungu lake katika kompani. Watu zaidi ya milioni 8 waliingia. Wengi hawakujua kompani ipi ni njema, basi wakakabidhi kuponi zao kwa mifuko iliyojitangaza kuwa itawatunzia. Kijana mmoja, Viktor Kožený, aliahidi kurudisha mara 10 baada ya mwaka mmoja na siku moja. Mamia ya maelfu wakamwamini. Baadaye alikwenda kukaa visiwa vya Bahamas, na mwaka 2010 mahakama ya Prague ilimhukumu kifungo bila yeye kuwapo.

Lakini wengine walikula kimya kimya. Wacheki wakatunga neno kwa kazi yao: tunelování, maana yake kuchimba njia chini ya ardhi. Msimamizi anauza bidhaa za kompani kwa bei ya chini. Mnunuzi ni kompani nyingine, iliyo yake mwenyewe au ya shemeji yake. Anakopa benki kwa jina la kompani, na fedha zinaishia mfukoni mwake. Nyumba bado inasimama, mlango una rangi, kumbe ndani ni tupu kama mti ulioliwa na mchwa. Wenye hisa wanabaki na karatasi.

Wakiulizwa, walijibu: Ni sheria gani niliyovunja? Na kweli, sheria ilikuwa na matundu mengi. Soko la hisa la Prague lilifunguliwa mwaka 1993, lakini tume ya kulisimamia iliwekwa mwaka 1998 tu. Jirani zao wa Poland walifanya vingine: mwaka 1991 walifungua soko lenye kompani 5 tu, na tume ya kulilinda ilitajwa katika sheria tangu mwanzo.

Basi kosa ni la nani? Papa Yohane Paulo II, mwenyewe Mpolandi, aliandika juu ya jambo hili katika barua yake Centesimus Annus ya mwaka 1991. Alifundisha kwamba uhuru wa biashara ni mwema ukizungukwa na sheria imara na kumtumikia mtu mzima. Usipokuwa hivyo, si njia ya kufuata. Kwa hiyo wakuu wanaofungua soko bila kujenga boma wana sehemu yao ya lawama.

Lakini boma likiwa na tundu, mbuzi aliye ndani hawi mali ya mpita njia. Msimamizi wa kompani ni wakili, kama yule wa Injili aliyeambiwa atoe hesabu. Alichopewa ni amana. Sheria isiponena, amana inanena bado. Tena asijidanganye akisema: nimechukua korona chache tu kwa kila mtu, nani ataumia? Akiiba ng'ombe mmoja, anauona uso wa mwenye ng'ombe. Akiwaibia watu elfu mia, haoni uso hata mmoja, na dhamiri inalala. Mungu anaona nyuso zote. Na Eklezya inafundisha kwamba mwizi hapati amani kwa kusema nimetubu, lazima arudishe.

Ndugu, pengine sisi hatuna hisa Prague. Lakini tuna sanduku la shirika, fedha za kooperativa, michango ya kanisa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tumwombe mtunza sanduku hesabu bila haya, naye aitoe bila hasira. Kuomba hesabu si kumchukia ndugu. Ni kumsaidia asianguke.