Warudie Kabla Hujatia Sahihi

Mwanangu, sasa umesajiliwa kuwa mtaalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira, na jina lako litakaa chini ya ripoti zitakazoamua gati lijengwe wapi na bahari ichimbwe wapi. Mimi kazi hii nimeifanya mpaka miguu imekataa matope ya mikokoni, na nguvu za kubishana na wenye miradi zimenipungua. Neno moja tu sijachoka kulisema. Ukishamaliza uchunguzi, rudi kwa watu uliowauliza, uwaambie umeona nini, kabla ripoti haijafika kwenye ofisi ya leseni.

Utaona ni jambo dogo, lakini wengi hawalifanyi. Wanaitisha baraza mwanzoni, wakati hata wao hawajajua mradi utadhuru nini. Wanagawa soda, wanazungumzia ajira na umeme, watu wanatia sahihi karatasi ya mahudhurio. Baadaye karatasi ile ile inabandikwa nyuma ya ripoti iwe ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Walishirikishwa katika nini? Siku ile habari za moshi, jivu na maji ya moto yatakayorudishwa baharini zilikuwa bado hazijaandikwa.

Hilo lilichangia kuuangusha mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu. Ulikuwa wa megawati 1,050, ujengwe Kwasasi, si mbali na mji mkongwe ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001. Leseni ilitolewa Septemba 2016. Wenyeji, wakiwamo wa shirika la Save Lamu, walikata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta. Zilikuwapo sababu nyingine, ila hii ishike: vikao vya mwanzo vilikuwa vya kuutambulisha mradi tu, na uchunguzi ulipokamilika watu hawakurudiwa ipasavyo. Kanuni za tathmini za mwaka 2003, zilizotumika katika kesi hiyo, zilitaka mikutano isiyopungua mitatu ya kuwaeleza wananchi mradi pamoja na athari zake, na kupokea maoni yao ya mdomo au ya maandishi. Athari ambazo hujazipima utazielezaje?

Wala usidhani nakutisha kwa sheria. Ukirudi, ripoti yenyewe hurekebika. Wakati wa kaskazi bahari ya Lamu hutulia, mashua hutoka nje ya miamba, na mtaalamu aliyefika Januari na vifaa vyake atakuta wavuvi wachache kwenye mikondo ya ndani. Ataandika kwamba eneo halitumiki sana. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, mwenye chombo kidogo hathubutu kutoka. Riziki ya nyumba yake yote iko humo ndani, kwenye mikondo na majani ya bahari, na humo ndimo wajenzi wa bandari ya Lamu walimotaka kuchimba kina. Mvuvi wa dema angekuonyesha hayo mara moja kama ungemtandikia ramani yenye mistari ya uchimbaji. Ulipomuuliza juu juu, huna ramani, alikujibu juu juu.

Ona gharama yake: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kutokana na bandari hiyo. Kesi ilifunguliwa 2012. Miaka sita, mwanangu, na mabishano ya malipo yakaendelea hata baada ya hukumu.

Mikoko nayo. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Mwenye mradi atakuletea jedwali safi: tunakata hapa, tunapanda kule. Karibu kila mara atapanda mkoko wenyewe, maana mche wake unachomekwa tu kwenye tope. Ukingo unaotazama bahari ni wa mlilana, aina nyingine ya mikoko; mkoko ukiupanda pale, mawimbi yanaung'oa, na wewe umeshaandika kwamba athari imefidiwa. Wakata boriti wanajua tope gani linakubali mti gani. Wasomee jedwali lile kabla hujaliidhinisha.

Unaporudi, usiitishe kikao wakati wa bamvua. Maji yakitoka sana, wanawake wako miambani wanatafuta pweza na kome, na utakaa na wanaume watupu uandike kwamba jamii imekubali. Subiri maji mafu. Muhtasari uwe wa Kiswahili, na maeneo ya uvuvi uyaandike kwa majina wanayoyaita wao. Anza na madhara, faida zije baadaye. Maneno ya kupinga yaandike yalivyosemwa, hata yakimuudhi anayekulipa.

Naye ndiye anayekulipa, hapo ndipo pagumu, na sina dawa yake kamili. Atakuambia kurudi ni kupoteza muda, kwamba mkopo wa benki una tarehe. Kwa hiyo gharama ya safari ya pili iandike kwenye mkataba tangu mwanzo, pamoja na hadidu za rejea, isije ikaonekana ni fadhila unayoomba. Akiikata, iache kazi hiyo. Najua una kodi ya nyumba na ada za watoto, nami sisemi haya kwa wepesi. Lakini wanaokaa pale watabaki na bahari hiyo wewe ukiwa umeshahamia mradi mwingine, na sahihi ni yako.

Kazi uliyo nayo sasa, ile ya gati, umeniambia vipimo vitakwisha bamvua hii. Iache wiki ipite, kisha waite. Nikiweza kupanda mashua nitakuja nami nikae na wazee wenzangu, nisikilize.